Nani Kakuambia Kisigino ni Mpole?

Issuna,
11 Machi 2024

Kwako Witness Yeremia,

Salamu. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanayolalamika. Baba yako alipita wiki iliyopita akitokea Singida mjini, akaniletea sukari na dawa ya kuku, akakaa nusu saa, akaondoka kama mtu aliyeacha ugali motoni. Mvua inatosha. Alizeti zimesimama vizuri. Uwele unatazamwa na ndege, na mimi nawatazama ndege. Ng'ombe mweusi amezaa dume. Nasikia mwanao Antipasi ameota meno. Mwambie aanze kutafuna kitabu cha mama yake, ndiyo kazi inayokifaa.

Umeona sijakuita mke mwenzangu. Mke mwenzangu ni mjukuu ninayemgawia marehemu mume wetu Mughwai, kwa utani na kwa mapenzi. Leo sina mke mwenza. Nina Witness.

Vitabu vimefika, konda wa basi ameviteremsha hapa barabarani, kimoja changu na ishirini vya shule. Mimi sikusoma, unajua, kwa hiyo nilimwita Melkiori, huyu huyu anayeniandikia hapa. Akaja na ile miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akanisomea pale barazani tangu asubuhi mpaka kuku wakaanza kuingia ndani. Kwanza, jalada. Yule bibi aliyechorwa ni mimi? Mbona hana hata jino moja? Mimi nimepungukiwa na meno mawili tu, tena yalivunjwa na mfupa wa mbuzi kwenye harusi ya baba yako, mahali pa heshima. Na nyumba umemchorea ya msonge, yenye ncha juu kama kofia. Sisi tulikaa kwenye tembe, paa bapa la udongo, ukapanda juu ukaanika mtama. Umekulia wapi wewe, Ulaya?

Hayo ya meno na paa ningeyameza. Lakini Kisigino!

Nilikusimulia vipi? Nilikusimulia kwamba kule nyuma ya miamba ya malisho kuna shimo, na ndani ya shimo anakaa Kisigino. Hana macho. Anasikia visigino vya watoto vikipita juu yake. Ukipita na chakula ananusa mlenda wako. Anakushika kisigino, anakuvuta, na ukivutwa hurudi. Basi. Hadithi iliishia hapo, tukalala. Hakuna aliyerudi.

Sasa wewe unaandika nini? Mtoto anampelekea mlenda kwenye bakuli. Anaruka shimoni huku anacheka. Kisigino analia machozi (machozi ya macho gani, wakati hana macho?), anasema yeye alikuwa mpweke tu, anampa mtoto dhahabu, mtoto anatoka, kijiji kizima vigelegele. Nani kakuambia Kisigino ni mpole? Ulimwona wapi? Ulikula naye?

Mrudishe alivyokuwa. Na yule mtoto, jina lake litoe. Mwite Stanley, mwite Fredrick kama mume wako, mwite unavyotaka. Hilo litoe. Usiniulize kwa nini.

Wala usinipigie simu. Kwenye simu nikianza kukusema unasema mtandao unakatika. Barua haina mtandao.

Ni mimi bibi yako,
Mama Yeremia

(Mimi Melkiori nimeandika kama alivyosema. Kabla ya "Ulikula naye" kulikuwa na maneno ya Kinyaturu niliyokataa kuyaandika. Mimi ni katekista.)


Morogoro,
2 Aprili 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo na babu Melkiori. Sisi huku hatujambo. Mvua za masika zimeanza, nguo hazikauki, Fredrick anakwenda kazini na soksi mbichi. Antipasi ana meno manne na kitabu amekitafuna kweli, ukurasa wa saba haupo tena. Baba alinipigia akasema ulimpa jogoo aniletee, lakini jogoo huyo sijamwona na nadhani ameishia Singida mjini kwenye mchuzi.

Bibi, barua yako niliisoma mara tatu, mara zote nimesimama. Nilitegemea utafurahi. Nimeandika mwanzoni kabisa: "Kwa bibi yangu, aliyenipa hadithi hii." Babu Melkiori hakukusomea hapo?

Naomba nami nikasirike kidogo, kwa heshima.

Unauliza nani kaniambia Kisigino ni mpole. Hakuna. Nilimfanya mpole mimi. Unajua nilikojoa kitandani mpaka darasa la nne? Unajua, wewe ndiye uliyekuwa unaanika lile godoro na kuwaambia majirani ni maji ya mtungi. Sikuwa mvivu wa kuamka, bibi. Nilikuwa naogopa kuteremsha miguu. Mpaka leo, mwanamke mwenye mume na mtoto, nalala nimekunja miguu kama kifaranga, na Fredrick anacheka. Kila likizo niliyokuja kwako nilisikia raha mchana na hofu usiku, na hofu hiyo ulinipa wewe, mtu ninayempenda kuliko wote.

Ndiyo maana niliandika. Watoto wanapenda kitabu cha kutisha, sikatai, wanakikimbilia. Lakini mimi nilitaka wakifika ukurasa wa mwisho walale miguu imenyooka. Nakala elfu mbili zimetoka na zimeshasambazwa. Kuna mtoto wa Dodoma aliniandikia kwamba sasa anakwenda chooni peke yake. Huyo simwambii nimekosea.

Jina la yule mtoto nalo umesahau ulikolitoa? Nilikuwa darasa la tano. Uliugua malaria ukawa hujitambui, mimi nakukanda kwa kitambaa cha maji, na wewe unaita tu, "Simeoni, rudi! Simeoni!" Ulipopona nikakuuliza Simeoni ni nani. Ukasema ni mtoto wa kwenye hadithi. Basi, bibi, nikamweka kwenye hadithi. Kosa langu liko wapi?

Na mimi nakuuliza, kwa sababu wewe umenikataza kuuliza: Kisigino ulisimuliwa na nani? Nimewauliza watu wa Ikungi, nimemuuliza mwalimu mmoja wa Mkalama. Hakuna anayemjua. Ni wewe tu.

Mjukuu wako akupendaye,
Witness


Issuna,
24 Aprili 2024

Kwako Witness,

Marahaba. Jogoo aliliwa, baba yako amekiri. Uwele umekomaa. Tumeanza kula mlenda mpya. Ndama anaendelea vizuri. Mimi goti la kushoto limevimba kama boga, na nitakuambia lilivyovimba.

Unajua Alute, jirani yangu wa upande wa bomani. Ana wajukuu wawili, Rahabu wa miaka kumi na mdogo wake Hezekia wa miaka saba. Rahabu anajua kusoma kuliko mwalimu wake. Kitabu chako amekiazima shuleni akakikariri. Jumamosi saa nne asubuhi namwona anapita nyuma ya nyumba yangu na bakuli, amelifunika kwa kitambaa, anatembea kama mwizi, na Hezekia nyuma yake na kamba ya kufungia ndama. Nikamwita, "Rahabu, mnakwenda wapi?" Akasema, "Kuchuma mboga, bibi." Mtu anakwenda kuchuma mboga na bakuli lililojaa?

Nikachukua fimbo. Magoti yangu unayajua, lakini siku hiyo yalikuwa ya msichana. Nikawafuata mpaka kule nyuma ya miamba. Witness, nisikilize. Hezekia ameshakaa kwenye ukingo wa shimo, miguu inaning'inia ndani. Rahabu amemshika shati kwa nyuma, mkono mwingine una kitabu, anasoma kwa sauti: "Kisigino, rafiki yetu, tumekuletea mlenda, hodi!" Na Hezekia anacheka. Anacheka! Anauliza, "Niruke sasa?"

Nilimvuta kwa kola tukaanguka wote nyuma, goti likagonga jiwe. Nilimchapa nikiwa bado nimelala chini. Rahabu naye akaanza kulia. "Bibi, lakini yeye ni mpole! Imeandikwa!"

Umesikia? Imeandikwa. Mimi nimesimulia maneno yangu miaka hamsini, hakuna mtoto hata mmoja wa hapa aliyekanyaga kule. Wewe umeandika mara moja, na ndani ya miezi miwili watoto wanabisha hodi.

Unasema ulikuwa unaogopa, ukakojoa. Ulikojoa, ndiyo! Ulikojoa ukiwa hai! Nilianika godoro lako kila asubuhi nikiimba, na ningelianika mpaka leo. Shuka linafuliwa, Witness. Godoro linakauka. Uliniona hata siku moja nimekusema?

Mlenda ulimwagika pale ukingoni. Niliuona unateremka kwenye jiwe, wa kijani, bado una moto, na nilipouona ule mlenda

Melkiori, hilo usiliandike.

Toa jina. Sisemi tena.

Bibi yako,
Mama Yeremia


Morogoro,
10 Mei 2024

Bibi,

Shikamoo. Pole sana kwa goti. Nimempa konda dawa ya kupaka na bandeji, jioni ufunge, usibane sana. Antipasi alikuwa na homa siku mbili, amepona. Fredrick anakusalimu.

Nimelia siku nzima kwa ajili ya Hezekia. Nataka ulijue hilo kabla sijasema mengine, kwa sababu mengine si mazuri.

Kumbe shimo lipo! Bibi, mimi nilidhani ni la hadithi kama Kisigino mwenyewe. Likizo zote zile hukuwahi kuniambia, "Mjukuu wangu, kule kuna shimo la kweli, refu, ukianguka utakufa." Ulinipa zimwi. Mimi nikakua na zimwi, halafu nikaliandika kama mtu anavyoandika zimwi la hadithi. Na kama shimo ni hatari hivyo, kijiji kinangoja nini? Mwenyekiti hayupo? Mawe hayapo Singida, jamani? Mmeacha shimo wazi miaka hamsini mkaliwekea hadithi kuwa ndiyo mlango, halafu leo mwenye makosa ni karatasi yangu?

Nimewaandikia wachapishaji waweke maneno mbele: "Hii ni hadithi ya kubuni, watoto wasijaribu." Wamekubali. Hilo ndilo ninaloweza.

Ulipouona ule mlenda, nini? Maliza sentensi yako. Mimi si mtoto.

Witness


Issuna,
29 Mei 2024

Witness,

Dawa imefika. Goti linakunjika.

Mawe unayoyasema yaliwekwa. Walifukia mara ya kwanza, wachimbaji wa dhahabu wakaja wakafukua. Wakafukia mara ya pili kwa mawe makubwa, mwaka ule ulipofunga ndoa, wakaja wengine na sururu, wakafukua, wakakosa, wakaondoka usiku. Mawe waliyahamisha. Kisigino hakuna aliyemhamisha mpaka ulipokuja wewe.

"Watoto wasijaribu." Umeshawahi kumwambia mtoto asijaribu?

Usiniandikie tena mpaka umelitoa jina.

Mama Yeremia


Morogoro,
30 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo. Umesema nisikuandikie na mimi nimevumilia mwezi mzima. Mwezi ni mrefu. Nimempigia baba, anasema u mzima, umevuna, humtaji mtu yeyote wa Morogoro. Najua kwenu sasa ni baridi na ule upepo. Vaa sweta la kijani, usiliwekee wageni.

Naandika kwa sababu jambo limefika. Kitabu kinachapwa tena. Wachapishaji wanataka mabadiliko yote mikononi mwao ifikapo mwisho wa Agosti. Baada ya hapo kinakwenda kama kilivyo, safari hii nakala elfu tano, na shule nyingine za mkoa wetu zimeomba. Vitabu vitafika Kinyangiri, vitafika Iramba, kote wanakochimba. Nilipofikiria hilo, usingizi ulinikataa. Kila mahali pana shimo lake.

Nitabadilisha. Lakini bibi, siwezi kulitoa jina kama mtu anayeng'oa jani bila kujua anang'oa nini. Watoto wa mitaani huku wanacheza mchezo wakijiita Simeoni. Niambie yeye ni nani, nilitoe kwa heshima. Ukikataa, nitalitoa kwa sababu umesema, ila kati yako na mimi patabaki kitu.

Mke mwenzako, hata kama hutaki,
Witness


Issuna,
14 Julai 2024

Witness,

Marahaba. Baridi ni kali, sweta nimelivaa. Alizeti nimepata magunia tisa. Kuku watatu wamechukuliwa na kicheche.

Nimesomewa barua yako. Nimekaa nayo siku sita. Melkiori amekuja kila siku na kalamu, kila siku nimempa uji akarudi kwake. Leo nimemwambia hivi: Andika wewe. Wewe ulikuwepo. Mimi natoka nje kutengeneza banda la kuku, na nitakaporudi usinisomee ulichoandika.

Ndiyo hayo.

Mama Yeremia


Mjukuu wetu Witness,

Tumsifu Yesu Kristo. Ametoka kweli, namsikia anagonga misumari.

Simeoni alikuwa mtoto wake wa kwanza. Baba yako Yeremia ni wa pili, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Ilikuwa kiangazi, kabla watu hatujahamishwa kuletwa kwenye vijiji. Babu yako Mughwai alisikia kwamba nyuma ya miamba kuna dhahabu, akachimba. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nilikuwa ninamvutia ndoo kwa kamba. Tulichimba miezi miwili, tukapata mchanga. Kila saa sita bibi yako alituletea chakula. Siku ile alikuwa anatwanga, mtoto wa mgongoni analia, jua limepanda, basi akamwambia Simeoni, "Mpelekee baba yako." Alikuwa na miaka minane. Alibeba ugali na bakuli la mlenda.

Sisi hatukuwepo shimoni. Tulikuwa tumekwenda bondeni kutafuta maji. Hakuna aliyemwambia mtoto kwamba hatupo. Nadhani alichungulia ili atuite. Tuliporudi tulikuta mlenda umemwagika ukingoni.

Niliteremka mimi kwa kamba. Babu yako mikono ilikuwa haishiki. Kule chini ni giza, nilikuwa na kijinga cha moto, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kisigino chake. Nilipotoka watu waliniuliza nimeona nini, nikasema, "Nimeona kisigino." Bibi yako alikuwa amesimama pale. Alinisikia.

Mughwai hakuchimba tena maisha yake yote. Tukahamishwa, watu wakatawanyika, wengi waliojua wamekufa. Baba yako aliambiwa kaka yake alikufa kwa homa. Na bibi yako, siku watoto wa majirani walipoanza kuchunga upande ule, akaanza kusimulia. Nilipolisikia jina la zimwi kwa mara ya kwanza niliondoka bila kuaga. Lakini sikumkataza, kwa sababu watoto hawakwenda.

Mpaka siku ile tulimwita Mama Simeoni. Baada ya mazishi nilimwamkia kwa jina hilo, akanitupia kata ya maji. Tangu hapo ni Mama Yeremia.

Nyundo imenyamaza. Naishia hapa.

Melkiori


Morogoro,
3 Agosti 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Nilitaka kuja mara moja, lakini umesema barua, basi barua. Nitakuja Desemba na Antipasi, na sitaomba ruhusa.

Ninaandika na kufuta. Nilikuwa nimeweka kwenye karatasi mwanao anaruka huku anacheka, nikakutumia, ukasomewa barazani kwako mwenyewe na mtu aliyemtoa. Na wewe ukanipigia kelele kuhusu meno na paa.

Jina ninalitoa. Shimo ninalitoa. Ukitaka kitabu chote nakitoa, nitawaambia wachapishaji basi. Sema neno moja tu.

Jambo moja naliomba lisikukasirishe. Ulimtuma mtoto chakula kwa baba yake. Kila mama wa hapo amefanya hivyo wiki hii.

Mjukuu wako,
Witness


Issuna,
25 Agosti 2024

Mke mwenzangu,

Marahaba, marahaba. Mimi ni mzima, goti limenyooka. Ndama anakula majani. Banda la kuku sasa ni imara, kicheche alikuja akatazama akaondoka na aibu yake. Melkiori ananunua miwani mipya, nimemwambia achelewe kidogo maana akiniona vizuri atakimbia.

Shimo limezibwa. Mwenyekiti alileta saruji baada ya mimi kwenda kukaa mlangoni kwake siku tatu na kigoda changu. Limejazwa mawe mpaka juu, likawekwa zege na nondo. Atakayetaka kulifukua, aje na baruti, na anikute nimelikalia. Rahabu na Hezekia nimewabebesha mawe mpaka wamelia, halafu nimewapikia kuku.

Baba yako nilimwita nikamweleza. Safari hii hakukaa nusu saa. Alilala hapa siku mbili. Amekasirika na mimi, ana haki, akanipasulia kuni za mwezi mzima huku amenuna. Jumapili tulikwenda wote kaburini, mimi, yeye na Melkiori. Nyasi zilikuwa nyingi.

Sasa kitabu. Unasema niseme neno moja. Mimi neno moja sijawahi kulisema tangu nizaliwe. Konda anaondoka na barua hii kesho alfajiri, kwa hiyo soma vizuri ufanye kama ninavyosema.

Jina usilitoe. Nilikuwa nakasirika umemtaja, kumbe mimi nimekaa miaka hamsini simtaji, nani kati yetu mwenye makosa? Liache.

Kisigino mrudishie ukali wake. Machozi mfute. Dhahabu itoe, hakuna dhahabu mle, Mughwai wetu alitafuta. Watoto wakikojoa, waambie mama zao waje kwangu niwafundishe kuanika godoro. Ila mwishoni kabisa uandike kwamba shimo ni la kweli, kwamba yapo mengi, na anayeliona amwambie mtu mzima. Hapo wewe ulikuwa na haki, nami sikukuambia. Nimesema, usinifanye nirudie.

Na pale anaporuka, pafute pote, uandike hivi. Melkiori, punguza mwendo.

Simeoni anakwenda na bakuli la mlenda. Jua liko juu. Anafika kwenye miamba, anafika ukingoni. Kule chini Kisigino amemsikia, ananyoosha mkono wake mrefu. Hapo mama yake anaita. Siku ile mama yake hakuita, alikuwa anatwanga. Kwenye kitabu auache mchi. Atoke nje na mtoto mgongoni, aite kwa sauti mpaka miamba iitike, "Simeoni! Rudi!"

Na mtoto ageuke. Mlenda umwagike, sijali, jikoni upo mwingine. Aseme, "Naam, mama," kama nilivyomfundisha. Akimbie. Kisigino abaki mle na njaa yake, asikie visigino viwili vinakwenda mbali, vinakwenda nyumbani, mpaka visisikike tena.

Akifika mlangoni usiendelee. Acha hapo.

Bibi yako,
Mama Simeoni